Rekodi za kale kutoka Matupi hadi Semuliki

Ukitoka Bunia ukapita Marabo, ukafika Komanda na kukata kusini kama unayekwenda Beni, utafika Mlima Hoyo. Huko kuna pango la Matupi, nami naliweka mbele ya mengine yote. Mbelgiji Francis Van Noten alilichimba miaka ya 1970. Tabaka za chini zilitoa vijiwe vidogo vya kwazi vilivyochongwa, vyenye umri wa zaidi ya miaka 40,000: ni miongoni mwa vifaa vikongwe kabisa vya aina hiyo duniani. Mifupa iliyobaki humo kutokana na mawindo ni hasa ya wanyama wa mbuga. Msitu tunaoudhani wa tangu na tangu haukuwa umelizunguka pango zamani hizo. Ulilifikia baadaye sana. Lilipatikana pia jiwe lililotobolewa katikati na kuchanjwa mistari, pengine uzito wa mti wa kuchimbia mizizi.

Kwa uvuvi, taji ni la Katanda, kando ya mto Semuliki. Mwaka 1995 Alison Brooks na John Yellen walitangaza machusa ya mfupa yenye meno, ya miaka kama 90,000. Wapo waliotilia shaka umri huo, lakini mabaki ya kambale wakubwa yaliyokuwa pamoja nayo yanasema mengi: watu walijua majira ya samaki kuja kutaga kwenye maji haba, wakawangoja hapohapo.

Mfupa wa Ishango, alioupata Jean de Heinzelin mwaka 1950, ndio wenye sifa kubwa kuliko vyote, kwa chanjo zake 168 na umri wa miaka kama 20,000. Uko Brussels.

Rekodi isiyosifiwa inavyostahili ni ya msitu wa Ituri wenyewe. Miaka ya 1980 wataalamu fulani walidai kwamba binadamu hawezi kuishi ndani ya msitu mnene bila chakula cha wakulima. Julio Mercader akachimba chini ya miamba ya Ituri, akachunguza chembe ngumu zinazoachwa udongoni na mimea iliyooza. Zilionyesha miti ya msituni mahali palepale palipokuwa na vifaa vya mawe, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, kabla hakujalimwa shamba lolote huko.