Ukoo wa Neno: Mtahiniwa na Uundaji wa Maneno ya Kiingereza

Uundaji wa maneno ni sehemu ya mtihani wa Kiingereza ambamo mtahiniwa hupoteza alama kwa neno analolijua. Katika mtihani wa B2 First wa Cambridge, ambao wengi bado wanauita First Certificate, sehemu ya 3 ya karatasi ya kusoma na matumizi ya lugha huwa na kifungu kifupi chenye mapengo 8. Mwishoni mwa mstari wenye pengo huandikwa neno kwa herufi kubwa, na kazi ya mtahiniwa ni kuligeuza mpaka likae sawasawa kwenye pengo hilo. Kila pengo lina alama 1. Mitihani ya juu yake, C1 Advanced na C2 Proficiency, ina sehemu ya namna hiyohiyo. Kenya, maswali ya aina hii hujitokeza katika sarufi ya KCSE. Tanzania, mada hii hufundishwa katika somo la Kiingereza la kidato cha tano na cha sita.

Mzungumzaji wa Kiswahili haingii kwenye kazi hii mikono mitupu. Kutokana na “soma” hupata msomaji, somo, usomaji, somesha na someka bila kufikiri. Tofauti ipo mahali mabadiliko yanapofanyika. Katika Kiingereza, mwisho wa neno ndio unaotambulisha aina yake. “-tion”, “-ment”, “-ness” na “-ity” hutoa nomino. “-Er”, “-or” na “-ist” humtaja mtendaji. “-Ful”, “-less”, “-ous” na “-able” hutoa vivumishi. “-Ise” na “-ify” hutoa vitenzi. Viambishi awali kwa kawaida hugusa maana tu na kuiacha aina ya neno kama ilivyokuwa: “happy” ni kivumishi, na “unhappy” pia ni kivumishi. Vipo vichache vinavyokiuka, hasa “en-”, inayogeuza “able” kuwa kitenzi “enable” na “danger” kuwa “endanger”. Vilevile “-ly” si alama ya kielezi kila mara, kwa kuwa “friendly” na “lonely” ni vivumishi.

Kinachowasumbua wanafunzi ni kwamba hakuna kanuni moja inayoeleza kwa nini “kind” hutoa “kindness” ilhali “able” hutoa “ability”. Sababu imo katika historia. “-ness” ni ya asili, imetoka katika Kiingereza cha kale. “-ity”, “-ment” na “-tion” ziliingia pamoja na maneno mengi ya Kifaransa na Kilatini, hasa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Lugha ikabaki na hazina mbili zilizochanganyika. Kuna pia maneno ya zamani ambayo nomino zake hubadilika hata irabu ya ndani: “long” na “length”, “strong” na “strength”, “deep” na “depth”. Haya lazima yajulikane moja moja.

Mahali pengine kanuni ipo na ni rahisi. Kiambishi cha kukanusha “in-” hufuata sauti inayokipokea: “incorrect”, lakini “impossible”, “illegal”, “irregular”. Kiswahili hufanya jambo la jamii hiyo kinaposema nyumba nzuri lakini nyumba mbaya, maana n mbele ya b hugeuka m. “Un-” haibadiliki kamwe, ndiyo maana husemwa “unpleasant” na “unlimited”.

Kujua viambishi hivi ni nusu ya safari tu. Nusu ya pili, ambayo vitabu vingi vya mazoezi huipitia haraka, ni kusoma sentensi. Chukua mfano huu: “The bus service has become so ____ that many people now walk to work”, na neno lililotolewa ni RELY, yaani kutegemea. Baada ya “become so” panahitajika kivumishi, kwa hiyo “rely” inakuwa “reliable”, y ikigeuka i. Mwanafunzi mwenye haraka huandika hapo na kuendelea. Kisarufi hajakosea. Lakini sentensi inasema watu wengi sasa wanakwenda kazini kwa miguu, na hakuna anayeacha basi kwa sababu ni la kutegemewa. Jibu ni “unreliable”. Ukanushaji wa namna hii hauonekani katika pengo lenyewe. Umefichwa mbali kidogo, pengine katika sentensi inayofuata. Wingi nao hufichwa hivyohivyo: kitenzi “were” kikifuata, nomino yenye haki ni ile yenye s. Ndiyo sababu kifungu kizima kinapaswa kusomwa kabla pengo la kwanza halijaguswa.

Kuhusu mazoezi, ushahidi mzuri unakihusu Kiswahili chenyewe. Mwaka 2008, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walichapisha katika jarida la Science jaribio lililofanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani. Walipewa jozi 40 za maneno ya Kiswahili na maana zake kwa Kiingereza, mashua ikiwa mojawapo. Neno likishakumbukwa mara moja, baadhi yao waliendelea kuulizwa neno hilo, na wengine waliendelea kulisoma tu bila kuulizwa. Wiki moja baadaye, walioendelea kuulizwa walikumbuka takriban asilimia 80 ya maneno. Waliosoma tu walikumbuka kama asilimia 36. La kusikitisha ni kwamba wanafunzi wenyewe hawakuiona tofauti hiyo ikija. Makundi yote yalikisia yangekumbuka karibu nusu.

Kwa mtahiniwa maana yake ni kwamba kupitia orodha ya maneno kwa macho, hata mara kumi, humpa faraja zaidi kuliko maarifa. Daftari linalosaidia lina neno la msingi upande mmoja na ukoo wake upande wa pili. Kwa “succeed” ukoo huo ni “success”, “successful”, “unsuccessful”, “successfully” na “successor”. Upande wa pili hufunikwa, ukoo huandikwa upya kutoka kichwani, kisha hukaguliwa; zoezi hurudiwa kesho yake, kisha baada ya siku kadhaa, kisha wiki. Kila neno liandikiwe sentensi, kwa kuwa mtihani hauulizi orodha. Anayeelekea chuo kikuu ana mahali pazuri pa kuanzia: orodha ya maneno ya kitaaluma aliyoitoa Averil Coxhead wa New Zealand mwaka 2000, yenye koo 570, kama ule wa “analyse” wenye “analysis”, “analyst” na “analytical”.

Kuandika kwa mkono kuna faida nyingine, kwani neno sahihi lenye tahajia mbaya halipati alama. “Argue” hupoteza e katika “argument” na “true” katika “truly”, lakini “courage” huibakiza katika “courageous” ili g isibadilike sauti. “Occur” huongeza r katika “occurrence”. Tahajia ya Uingereza na ya Marekani zote hukubaliwa katika mitihani ya Cambridge, alimradi mtahiniwa achague moja na kubaki nayo.