Sura ya 7: Gari Lililoguswa

Muuzaji wa Subaru Impreza iliyoongezwa nguvu huanza na orodha. Turbo kubwa kuliko ya kiwandani, kompyuta ya injini iliyopangwa upya, springi za kupandisha na kushusha, bomba la moshi la chuma kisichoshika kutu, rimu za Japani, viti vya mashindano. Mbele ya kila kifaa kuna bei aliyonunulia, na chini kabisa kuna jumla. Anajumlisha na bei ya gari lenyewe, anapunguza kidogo kwa ubinadamu, na hiyo ndiyo bei anayoitangaza. Wiki ya kwanza simu zinaita, nyingi zikiwa za vijana wanaotaka kulisikia likinguruma. Mwezi wa pili anayepiga ni dalali, na bei anayotaja iko chini ya ile ya Impreza ya aina hiyohiyo ambayo mwenyewe hakuwahi kuifanyia lolote zaidi ya kubadilisha oili.

Sura iliyopita ilihusu gari la kawaida, ambalo bei yake hushuka kwa mambo yanayojulikana: umri, kilomita, ajali. Gari la kasi la Kijapani lililokaa sana gereji halishuki hivyo. Fedha iliyoingia humo hairudi, na mara nyingine huzama pamoja na sehemu ya bei ya gari lenyewe.

Nairobi inafaa kwa uchunguzi huu kuliko miji mingi, maana mapenzi yake kwa Subaru yalianzia barabarani. Safari Rally ilianza 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na watu walizoea kusimama kando ya vumbi kusubiri magari yapite. Mwaka 1994 dereva Patrick Njiru alimaliza wa nne akiwa na Subaru; 1997 dereva Colin McRae akashinda kwa Impreza. Impreza zilizotumika zikawa zinateremka Mombasa kutoka Japani, nyingi za kasi zikiwa na injini ya EJ20, lita mbili na turbo, silinda nne zimelala mbili kwa mbili ubavuni. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane. Kwa hiyo Impreza za miaka ya 1990 zilizopo ndizo hizohizo. Haziongezeki, zinapungua tu mitaroni.

Maelezo yanayokuja haraka ni kwamba mwenyewe amelipenda mno gari lake. Yana ukweli. Mwaka 1990 watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambamo baadhi ya wanafunzi walipewa vikombe na wengine hawakupewa. Waliopewa walidai zaidi ya mara mbili ya bei ambayo wenzao walikuwa tayari kutoa. Na hicho ni kikombe cha dakika chache, hakijawahi kumpeleka mtu Naivasha usiku na kumrudisha. Ila naona mapenzi yanabebeshwa mzigo usio wake. Muuzaji akiupoza moyo wake hata leo, dalali atataja bei ileile. Kinachoikandamiza zaidi ni hofu ya mnunuzi, na hofu hiyo ina sababu.

Mchumi George Akerlof aliieleza hofu hiyo 1970 katika makala yake kuhusu soko la magari yaliyotumika. Majarida matatu yalikuwa yameikataa. Mwaka 2001 kazi hiyo ilimpa sehemu ya Tuzo ya Nobel. Hoja yenyewe haina makuu. Muuzaji anajua siri za gari lake, mnunuzi hazijui. Kwa kuwa hawezi kutofautisha zima na bovu, mnunuzi hutoa bei ya katikati. Mwenye gari zima anaona anapunjwa, analirudisha nyumbani. Sokoni mabovu yanazidi kuwa mengi, na bei inashuka tena. Sasa ongeza turbo isiyo ya kiwandani, iliyofungwa na fundi asiyejulikana, na giza la mnunuzi linakuwa nene zaidi.

Tuangalie anachokiogopa. Presha ya turbo ikipandishwa, joto na msukumo ndani ya silinda hupanda nao. Petroli ikiingia kidogo kuliko inavyohitajika, au ikiwa ya oktani ya chini, sehemu ya mchanganyiko hulipuka ovyo, na vishindo hivyo huweza kupasua pistoni pale ringi zinaposhikilia. Gari linaendelea kwenda. Linakula oili, linatoa moshi wa samawati asubuhi, na siku ya kuonyeshwa limeoshwa na kupigwa polishi hadi unajiona usoni. Pistoni haionekani kwa kufungua boneti.

Huonekana kwa kupima kompresheni. Fundi huipasha injini moto, kisha anatoa betri na boksi la kichujio cha hewa ili apate nafasi, maana plagi za injini hii zimejificha ubavuni karibu na chesisi na mkono hauingii bila kukwaruzwa. Anafungua plagi zote nne, anakata petroli na cheche, anafunga geji kwenye tundu la kwanza. Betri ikishaunganishwa tena, mwenzake aliye kitini anakanyaga pedali ya mafuta hadi mwisho na kuzungusha starta. Sindano inapanda kwa kurukaruka, inasimama. Namba inaandikwa, wanahamia tundu la pili. Kinachotazamwa zaidi ni kulingana kwa namba: tatu zikikaribiana na ya nne ikiwa chini sana, mazungumzo ya bei yameisha na mazungumzo ya injini nyingine yameanza. Muuzaji mwerevu hufanya kipimo hiki kabla ya kutangaza. Mwerevu zaidi humwachia mnunuzi achague gereji, halafu yeye akalipa.

Japani waliipa hofu hii karatasi. Magari mengi yaliyotumika huko hupita kwenye minada ya wafanyabiashara, kama ile ya kampuni ya USS, na kabla ya mnada mkaguzi huandika kila dosari juu ya mchoro wa gari. A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali paliponyooshwa pakabaki na mawimbi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Pembeni kuna alama ya jumla, 4.5 au 4 au 3.5, na R ni ya gari lililoumia kwenye fremu likatengenezwa. Mtu aliye Nairobi ananunua gari asilowahi kuligusa kwa kuiamini karatasi hiyo moja. Kisha gari likipata namba za Kenya, karatasi inatupwa. Ni fedha inayotupwa, kwa sababu ni ushahidi wa hali ya gari kabla fundi yeyote wa hapa hajalishika.

Aliyetunza vifaa vya awali stoo ana biashara mbili. Anarudisha bomba la moshi la kiwandani, springi, rimu na kompyuta, analiuza gari kwa yeyote. Vilivyofunguliwa anawauzia wanaovijua. Rimu za TE37 za kampuni ya Rays, zilizotoka 1996 na kuitwa hivyo kwa uzito wa kilo 3.7 wa rimu moja ya inchi 15, zina wateja wasio na haja kabisa na gari lako. Ziwe halisi tu, na risiti iwepo, maana bandia zimejaa. Asiyetunza kitu atazunguka Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, akitafuta springi kama zile alizomgawia fundi bure.

Rangi na injini ni habari nyingine. Gari lililokuja jeupe na sasa ni la buluu, au lililobadilishwa injini, mabadiliko hayo yanatakiwa yawe yamesajiliwa kwenye mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, na kuonekana kwenye logbuku. Mnunuzi makini huinama na tochi, anasoma namba ya injini, analinganisha. Zisipolingana, maelezo matamu hayamsaidii muuzaji.

Yapo magari yaliyoguswa na bado yakauzwa juu. Juni 2021, Toyota Supra ya rangi ya chungwa aliyoiendesha mwigizaji Paul Walker kwenye filamu ya The Fast and the Furious iliuzwa mnadani Las Vegas kwa dola 550,000. Bodikiti pekee haileti bei hiyo. Historia ya gari lile ilijulikana, na dunia nzima ilikuwa imelitazama.

Kwa Impreza za zamani, miaka imegeuza mambo. Vijana wengi waliozipata walizikimbiza kwa fundi wiki hiyohiyo, kwa hiyo iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani imekuwa kitu cha kutafutwa. Wakusanyaji wa Japani na Ulaya hulipia zaidi gari la namna hiyo, na wanaotaka Impreza ya miaka ya 1990 hapa wanaelekea hukohuko: kabla hajauliza nguvu za farasi, anayepiga simu anauliza bampa ya awali iko wapi, na kama haipo, anataka kujua ni nani aliyeinunua.