Unga wa kapsuli hautibu kidonda

Mvua za kwanza zikianguka Ufipa, mashamba ya Pito hujaa maksai na plau, na hapo ndipo miguu inapopata majeraha: mwiba, jembe lililoteleza, ncha ya plau iliyogonga kifundo. Tiba inayokimbiliwa inajulikana nchi nzima. Inanunuliwa kapsuli ya antibiotiki ya rangi mbili, inafunguliwa kwa vidole, na unga wake unanyunyizwa juu ya kidonda. Kikikauka, mtu anarudi shambani. Kisipokauka, inafunguliwa nyingine.

Unga ule ukichanganyika na usaha hufanya gamba. Juu dawa ni nyingi, pembeni ni haba, na chini kwenye nyama iliyochubuka, ambako bakteria wamejificha, haifiki kabisa au inafika kidogo mno. Katika mamilioni ya bakteria waliomo humo, wapo wachache ambao vinasaba vyao vinawawezesha kuihimili. Dozi hafifu huwaua wenzao na kuwaachia wao nafasi na chakula chote. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, anayesababisha majipu na vidonda vingi vya usaha, akipata mazingira mazuri hujigawa kila nusu saa hivi. Wachache wa asubuhi kesho yake ni mamilioni. Tena hamalizwi na kupona kwa kidonda. Karibu mtu mmoja kati ya watatu humbeba puani bila kuumwa, na kutoka puani huenda mikononi, na kutoka mikononi huenda kwa mtoto anayenawishwa.

Usugu wenyewe una njia zaidi ya moja. Bakteria wengine hutoa kimeng'enya kinachokatakata penisilini kabla haijafanya kazi. Wanasayansi walipotengeneza methisilini mwaka 1959 ili kukikwepa kimeng'enya hicho, haikupita miaka miwili kabla Uingereza haijaripoti Staphylococcus aliyepata sehemu mbadala ambayo dawa hiyo haiwezi kuishika. Sugu wa namna hii haogopi amoksilini, wala kloksasilini, wala sefaleksini, hata dozi ikimalizwa kwa uaminifu wote. Nao bakteria wengine, kama Klebsiella na E. koli, wana uwezo wa kupeana vinasaba vya usugu, kwa hiyo aliyekuwa dhaifu jana anaweza kuwa sugu leo bila kuzaliwa upya.

Hapa kwetu hali imepimwa. Utafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2011, ulifuatilia wagonjwa 250 waliofanyiwa upasuaji mkubwa. 65 kati yao vidonda vyao viliingiliwa na maambukizi. Staphylococcus aureus ndiye aliyeongoza, na kati ya 16 waliooteshwa, 3 walikuwa sugu kwa methisilini. Hospitali ya Muhimbili, katika utafiti wa wagonjwa 100 wenye vidonda vya upasuaji vilivyoambukizwa, sugu walikuwa 8 kati ya Staphylococcus aureus 18. Hivyo ni vidonda vya hospitali, na vya shambani si lazima vilingane navyo. Lakini mgonjwa wa Pito akizidiwa hupelekwa hospitali, naye akiruhusiwa hurudi nyumbani na bakteria alionao.

Tusiwasahau maksai. Sindano ya OTC anayodungwa ng'ombe ni oksitetrasaiklini, ndugu wa karibu wa tetrasaiklini ya binadamu. Ikitolewa kwa kukisia, bila daktari wa mifugo, inawafunza bakteria wa zizini usugu uleule, na plau na samadi vinapita katika shamba lilelile.

Kipimo kinachohitajika kinaitwa kuotesha vimelea. Kidonda husafishwa kwanza, kisha kijiti chenye pamba huzungushwa pale palipo na nyama hai, si kwenye usaha wa juu. Maabara hukipaka kwenye sahani ya agari na kuiacha usiku kucha kwenye joto la takribani nyuzi 35 hadi 37. Bakteria waliopatikana hupandwa tena, na juu yao huwekwa viduara vya karatasi vyenye dawa mbalimbali. Dawa inayofaa huacha uwazi kuizunguka. Isiyofaa, bakteria huota hadi kwenye ukingo wa karatasi. Fundi maabara huupima uwazi huo kwa milimita, na daktari anaandika dawa akiwa anajua anachokiandika. Majibu huchukua siku mbili hadi tatu hivi, na siku hizo ni nafuu kuliko mwezi wa kubadilishabadilisha kapsuli. Kwa maoni yangu, huduma hii kuwa mbali na wakulima ni upungufu mkubwa kuliko uhaba wa dawa yoyote mpya.

Kwa jeraha dogo, maji safi yanayotiririka na sabuni, kitambaa safi cha kufunikia, na sindano ya pepopunda zahanati vinatosha mara nyingi, bila antibiotiki yoyote. Uvimbe ukipanda, kukiwa na joto, homa au harufu, usichelewe: nenda kituo cha afya. Ukiwa tayari umetumia dawa mbili na kidonda bado kinatoa usaha, usikubali ya tatu kabla ya kuuliza kama kidonda chako kinaweza kuoteshwa vimelea. Una haki ya kuuliza hivyo.