Kamusi Isomwayo Kutoka Mkiani

Utenzi una sharti moja linalomtoa jasho mtunzi. Vipande vitatu vya kwanza vya ubeti vinaweza kubadili kina kila mara, lakini cha nne hurudia kina kilekile tangu mwanzo wa utenzi hadi tamati. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na mji wa Tanga, aliandika Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zipatazo 3,000. Kwa sharti hilo, ni mara 3,000 kutua mahali palepale, huku habari za vita vya 1939 hadi 1945 zikiendelea kusimuliwa bila kupindwa. Kamusi za zama zake hazikumfaa kwa kazi hiyo. Zilipangwa kwa herufi ya kwanza, na mshairi hulitafuta neno kwa mkia wake.

Kompyuta hulimaliza tatizo hili kwa hila nyepesi. Huandika kila neno kinyumenyume, huyapanga yote kwa alfabeti, kisha huyageuza tena. Bahari huwa irahab, habari huwa irabah, na ghafla maneno yaliyokuwa mbalimbali yanakaa pamoja: habari, safari, bahari, hatari, shwari, tayari. Kwa sekunde moja mtunzi ana orodha ya vina vya -ri, na ndani ya orodha hiyo mara nyingi hukutana na wazo ambalo hakuwa nalo. Hapo ndipo zana hizi zinaponivutia zaidi: neno la pembeni hufungua ubeti ambao neno lililokusudiwa lilikuwa limeufunga.

Lakini orodha ya kamusi haitoshi, kwa kuwa Kiswahili hutunga maneno yake papo hapo. Kamusi ina andika, haina walipotuandikia. Mtu anayelitafuta neno hilo kwenye W atarudi mikono mitupu. Mashine inapaswa kulifumua kwanza: wa, li, po, tu, andik, i, a. Kazi hiyo ya ufumuaji ilianzwa na Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki mwaka 1985, katika mfumo uitwao SALAMA. Mradi wa Kamusi, ulioanzishwa na Martin Benjamin katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994, ulikuwa miongoni mwa kamusi za mwanzo kabisa za Kiswahili kwenye intaneti, nao ulipokea michango ya watumiaji. Ukizichanganya njia hizi mbili, kamusi na sarufi, mashine inaweza pia kukuundia vina mbalimbali kutoka shina moja: pata, patana, patikana, patanishwa.

Mizani ni mtihani mwingine. Karibu kila silabi yetu huishia kwa irabu, hivyo mtu angedhani kuhesabu irabu kunatosha. Kwenye m ndipo hesabu inapoharibika. Neno mtu lina irabu moja, mizani mbili. Na tazama neno mbaya: katika "mtu mbaya" tunatamka m-ba-ya, mizani tatu, katika "njia mbaya" ni mba-ya, mizani mbili. Tahajia ni moja, ngeli ndiyo inayoamua. Kwa hiyo programu isiyojua ngeli haiwezi kuhesabu mizani sawasawa, na programu za akili mnemba, ambazo hukata maneno vipande kwa kufuata yanayojirudia zaidi wala si kwa silabi, huweza kukutungia ubeti unaopendeza machoni lakini unaochechemea ukighaniwa.

Sasa njoo kwenye maana. Zana za kisasa za kupendekeza maneno hufanya kazi kwa ujirani: kila neno hupewa safu ya namba kufuatana na maneno linayoandamana nayo, na maneno yenye majirani wanaofanana huhesabiwa kuwa ndugu. Ni mbinu yenye nguvu, ila inategemea mashine imesoma nini. Maandishi mengi ya Kiswahili yaliyokusanywa kwa kompyuta ni habari za magazeti. Mashine iliyolishwa kurasa za michezo itamweka nahodha jirani na kocha na golikipa. Mwandishi wa Pangani anayetaka nahodha wa jahazi, mwenye kusi, kaskazi, matlai na maleleji pembeni yake, atapewa uwanja wa mpira. Umande atapewa ule wa majanini, siyo upepo wa nchi kavu ambao wavuvi huuita kwa jina hilohilo.

Sehemu ya hazina ya maneno ya pwani ya Tanga na Pangani ipo kwenye karatasi. Kamusi ya Charles Sacleux ya mwaka 1939 iliyatenga maneno kwa lahaja zake, na W. H. Whiteley alichapisha kitabu kizima juu ya Kimtang'ata, lahaja ya kati ya Tanga na Pangani, mwaka 1956. Vitabu hivyo vinastahili kuingizwa kwenye zana hizi mapema. Hata hivyo, kamusi ni orodha, na orodha haina majirani. Mashine inahitaji sentensi nzima, mtu akieleza jinsi wavu wa jarife unavyotegwa wakati wa bamvua na wa maji mafu. 

Simu ya kawaida inatosha kurekodi mazungumzo hayo, kwa ridhaa ya msemaji, katika soko la samaki la Deep Sea mjini Tanga au katika vijiji vya Tongoni na Kigombe. Rekodi iandikwe kama ilivyotamkwa, bila kusanifishwa, na patajwe mahali ilipotoka pamoja na kazi ya msemaji, ili nahodha wa chombo asichanganywe na wa timu.