Kununua Nyumba na Shamba Nje ya Butimba

Butimba ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, ndani ya Jiji la Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Wengi huijua kwa gereza lake, chuo chake cha ualimu na mtambo wa kusafisha maji wenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku. Nyumba zimebanana, na mwenye nia ya kuishi kwa jembe hana tena nafasi ya kutosha hapo. Anayetaka nyumba yenye shamba hufuata barabara ya Shinyanga, akapita Nyegezi, Mkolani na Buhongwa hadi Usagara, wilayani Misungwi. Hapo njia inagawanyika: moja inaendelea Misungwi mjini na Shinyanga, nyingine inashuka Kigongo. Wengine huelekea Kisesa na Magu. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3 lifunguliwe Juni 2025, hata vijiji vya Sengerema vimeingia katika hesabu, kwa kuwa hakuna tena kusubiri feri.

Kabla ya kuuliza bei, mnunuzi anapaswa kujua kama ardhi anayoitaka ipo mtaani au kijijini. Kwa macho tofauti haionekani: mahindi ni yale yale, ng'ombe ni wale wale. Lakini sheria inaigawa ardhi yote ya Tanzania katika mafungu matatu, yaani ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya kijiji, na yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Anayenunua hununua haki ya kuitumia ardhi. Ndani ya jiji haki hiyo hufuata Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999. Kijijini hufuata Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huo huo. Zote mbili zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001.

Kijijini msimamizi wa ardhi ni halmashauri ya kijiji, na juu yake upo mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliotimiza miaka 18. Halmashauri haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Mwanakijiji anayemuuzia mtu shamba lake naye anahitaji kibali cha halmashauri. Mpango huu wengi wa mjini huuona kama usumbufu, na hapo ndipo wanapopotea. Mwenyekiti wa kitongoji hawezi peke yake kuidhinisha mauzo ya shamba, hata akiwa na muhuri mfukoni. Asiye raia wa Tanzania kwa kawaida haruhusiwi kumiliki ardhi, isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa, hivyo karatasi ya mauzo iliyoandikwa kwa jina la mgeni haina nguvu hata ikiwa na mashahidi kumi.

Linalofuata ni udongo, na hapa Wasukuma wana elimu inayostahili kusikilizwa kabla ya mtaalamu yeyote. Nchi ya Usukuma ni vilima vya mawe vinavyoshuka taratibu hadi mabondeni, na kila hatua ya mteremko ina udongo wake na jina lake. Karibu na miamba kuna isanga, udongo mwekundu wa kichanga. Chini yake kuna luseni, mchanga mweupe usioshika maji, ambao jembe huupasua kwa urahisi. Kisha huja itogolo, wenye tabaka gumu chini, na mwisho ni mbuga, udongo mweusi mzito wa bondeni. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, akifanya kazi katika kituo cha Amani mkoani Tanga, aliueleza ulimwengu jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyojipanga kufuata mteremko. Wakulima wa Usukuma walikuwa wakipanga mazao yao kwa kuufuata mpangilio huo tangu zamani.

Kwa mnunuzi, elimu hii ina thamani ya fedha taslimu. Luseni na isanga hufaa mihogo, karanga, pamba na viazi vitamu, vile vinavyokatwa vipande na kuanikwa juani kuwa michembe, au kuchemshwa kwanza kisha kukaushwa kuwa matobolwa. Itogolo haina sifa kwa mahindi, lakini lile tabaka lake gumu huzuia maji yasizame, na ndiyo maana majaruba ya mpunga hujengwa hapo kwa kuinua matuta pande zote. Mbuga hupokea mpunga, na mvua zikiisha hupokea dengu na choroko zinazokua kwa unyevu uliobaki ardhini. Shamba zuri la familia ni lile lenye kipande juu na kipande chini, ili mwaka wa mvua nyingi na mwaka wa mvua chache usilete njaa ile ile. Ekari tano za luseni tupu, hata zikiuzwa kwa bei ya kuvutia, humpa mwenyewe upande mmoja tu wa bahati.

Nyumba haijengwi popote. Kiangazi mbuga hukauka na kupasuka nyufa ambazo mkono wa mtu mzima huzama ndani. Masika udongo ule ule huvimba. Msingi wa kawaida hauhimili mwendo huo, na ukuta huanza kuchanika pembeni mwa milango na madirisha. Nyumba hukaa vizuri juu, kwenye mchanga na mawe, ambako maji ya mvua hukimbia na mawe ya msingi hayako mbali. Anayenunua nyumba iliyokwisha kujengwa azunguke kuta zote, aangalie pembe za madirisha, na aulize kwa nini nyufa zimezibwa kwa saruji mpya. Matofali ya kuchoma ndiyo yaliyozoeleka, na hukaa miaka mingi yakiwa yameiva sawasawa. Tofali lililoiva hulia likigongwa, na ambalo halikuiva hutoa sauti butu na kumomonyoka kwa kucha.

Maji yanahitaji kutazamwa kwa jicho kali zaidi. Kuwa karibu na ziwa si sawa na kuwa na maji salama. Fukwe za Ziwa Victoria zina kichocho kwa wingi, na ugonjwa huo humpata anayeoga, anayefua au anayechota maji akiwa amesimama majini. Kijijini maji hutoka kwenye kisima, bomba la wakala wa maji vijijini, RUWASA, au lambo, na kila kimoja kina msimu wake. Aliyekagua shamba mwezi Aprili ameona kisima kimejaa. Mwezi wa kuuliza ni Septemba, kabla ya mvua za vuli, pale foleni ya ndoo inapoanza alfajiri. Umeme umefika vijiji vingi kwa kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA. Gharama ya kuunganishiwa kijijini imewekwa kuwa Sh 27,000 kwa aliye jirani na nguzo, kwa hiyo ni vyema kupima umbali kutoka nyumba hadi nguzo iliyo karibu.

Ufukwe nao una mtego wake. Kiwanja kinachotazama ziwa hupendeza na huuzwa ghali, ilhali Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Ziwa lenyewe husogea. Mwaka 2020 na tena 2024 maji yalipanda kupita kiasi kilichozoeleka, yakaingia nyumba na mashamba ya watu kando ya fukwe. Barabara kuu nazo zina hifadhi ya meta 30 kila upande kutoka katikati, na nyumba iliyopigwa alama ya X ndani ya eneo hilo haipaswi kununuliwa kwa bei yoyote.

Kipimo cha shamba kijijini ni hatua. Ekari moja huhesabiwa hatua 70 kwa 70, na mara nyingi anayehesabu ni muuzaji au kijana wake. Hatua ndefu za karibu sentimeta 90 hutoa eneo lililo karibu sana na ekari halisi, ambayo ni meta za mraba 4,047. Hatua za sentimeta 75 hutoa eneo la meta 52 na nusu kila upande, sawa na takriban theluthi mbili tu ya ekari. Huenda muuzaji hana hila yoyote, ana miguu mifupi tu. Dawa ni utepe wa kupimia, na mnunuzi, muuzaji na majirani wa pande zote nne waitembee mipaka pamoja. Alama za mipaka vijijini ni manyara, katani, kichuguu, jiwe kubwa au njia ya ng'ombe. Jirani anayenyamaza wakati mpaka unaonyeshwa aulizwe hapo hapo, kwa heshima na mbele ya watu, maana ukimya huo mara nyingi una jambo ndani yake.

Tena kuna swali la nani hasa anauza. Mashamba mengi ni ya ukoo. Baba akifariki, mtoto mmoja anaweza kuuza kabla ya wenzake kukaa kikao, kisha dada aliyeolewa mbali akarudi na kudai, na sheria ikawa upande wake. Shamba la marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa kawaida Mahakama ya Mwanzo, na mnunuzi ana haki ya kuiona hati ya uteuzi. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kuna madai mengine ya zamani zaidi. Wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970, familia nyingi zilihamishwa kutoka makazi yao na kugawiwa ardhi mpya. Baadaye baadhi ya watu walirudi kuyadai mahame yao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilihalalisha ugawaji uliofanyika kati ya 1970 na 1977, lakini kumbukumbu ya ukoo haifutwi na kifungu cha sheria, na makaburi yaliyomo shambani yanapaswa kuulizwa ni ya nani.

Malipo yafanyike baada ya hayo, katika ofisi ya kijiji, mbele ya mtendaji, na hati ya mauziano itaje ukubwa, mipaka, majirani na kiasi kilicholipwa. Mahali pengine mnunuzi huombwa asilimia fulani ya bei kwa ajili ya uongozi. Adai stakabadhi ya serikali, na ikikosekana asilipe. Aliyepata kibali anaweza kuomba hati ya haki miliki ya kimila, ambayo huandikwa katika masjala ya ardhi ya kijiji na wilaya. Kwa raia, haki hiyo inaweza kuwa ya muda usio na ukomo, na sheria inaipa hadhi sawa na haki ya kumilikishwa na serikali. Karibu na Mwanza kuna tahadhari moja zaidi: jiji linatambaa kuelekea Usagara, na eneo likitangazwa kuwa la mipango miji, shamba linaweza kupimwa viwanja na barabara kupita katikati ya mihogo. Ofisi ya ardhi ya wilaya inajua mipango hiyo, na kuuliza hakumgharimu mtu chochote kikubwa.

Maisha baada ya kuhamia yana utaratibu wake. Asubuhi watu husalimiana kwa mwangaluka, na mgeni anayejifunza salamu hiyo hupokewa kwa uso tofauti na anayepita kimya kwenye gari. Msiba ni wa kijiji kizima: watu huacha jembe, wanachanga, wanachimba kaburi. Ulinzi ni wa pamoja pia. Sungusungu, yaani ulinzi wa jadi wa wanakijiji wenyewe, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 upande wa Kahama na Shinyanga kupambana na wizi wa ng'ombe, na mahali ilipo, kila kaya hutarajiwa kutoa mtu wa zamu au mchango. Anayefunga njia ya mifugo kwa uzio, au anayelisha mbuzi wake katika ngitili ya mwenzake, yaani malisho yaliyotengwa kwa ajili ya kiangazi, amejitafutia ugomvi ambao hati haiwezi kuumaliza. Kwa sababu hiyo ni busara kukodi shamba na chumba kwa msimu mmoja kabla ya kununua. Msimu mmoja wa kulima, kuanzia mvua za vuli hadi mavuno, huonyesha maji, udongo na majirani vizuri kuliko dalali yeyote.

Mgogoro ukitokea, hatua ya kwanza ni baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba ambao angalau watatu ni wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Suluhu ikishindikana, shauri hupita baraza la kata kwa usuluhishi, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo ndilo lenye mamlaka ya kuamua. Muda wa kudai ardhi mahakamani ni miaka 12. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi, lakini haki isiyoandikwa ni vigumu kuitetea mbele ya baraza. Mume na mke wanaonunua pamoja wahakikishe majina yote mawili yapo kwenye hati ya mauziano na kwenye hati ya kimila, tangu siku ya kwanza.