Je, uhai huzaliwa au huzuka?

Mwanafunzi wangu wa uzamili anayetafsiri kitabu cha biolojia aliniletea istilahi mbili za ile nadharia kongwe kwamba viumbe hutokana na vitu visivyo na uhai: 'uzaliwaji wa ghafla' na 'kuzuka kwa uhai'. Nilimshauri aichukue ya pili. Kuzaliwa kunahitaji mzazi, na nadharia yenyewe ilidai ati mzazi hayupo!

Dai hilo liliaminiwa na wasomi kwa karne nyingi, Aristotle akiwamo. Mnamo 1668, Francesco Redi, daktari Mwitaliano, alichapisha majaribio yake. Alitia nyama mitungini. Mingine akaiacha wazi, mingine akaiziba. Funza wakaonekana kwenye nyama ya mitungi ya wazi tu. Lakini je, huenda kilichokosekana ni hewa? Basi akafunika mitungi mingine kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa na kuzuia nzi. Nyama ikaoza, ila haikutoa funza.

Mjadala ungeishia hapo kama hadubini isingefichua vijidudu. Katika karne ya 18, John Needham alichemsha mchuzi wa nyama, akauziba, na bado vijidudu vikaonekana. Lazzaro Spallanzani akauchemsha kwa muda mrefu zaidi na kuziba chupa kwa kuyeyusha kioo chenyewe. Hakuna kilichotokea. Needham naye akateta: moto wako umeiua nguvu ya uhai! Hoja hiyo, kusema kweli, haikuwa ya kipuuzi.

Aliyeijibu ni Louis Pasteur wa Ufaransa, aliyetuzwa na Akademia ya Sayansi mwaka 1862. Alichemsha mchuzi katika chupa zenye shingo ndefu iliyopinda kama ya bata maji. Hewa iliingia bila kizuizi, lakini vumbi lilinaswa kwenye pindo. Mchuzi ukabaki safi. Alipoinamisha chupa hadi mchuzi ukaligusa vumbi lile, vijidudu vikaota. Kwa hivyo moto haukuwa umeuharibu mchuzi. Kilichokosekana ni mbegu.

Nimetumia 'kuota' makusudi. Tunasema mkate umeota kuvu, na kinachoota kina mbegu. Tunasema pia mahindi yameingiwa na fukusi, yaani fukusi walitoka nje. Nimemwomba mwanafunzi wangu avitumie vitenzi hivi viwili anapoeleza matokeo, na 'kuzuka' akiache kwenye sentensi zinazoeleza nadharia iliyokataliwa.