Fyuzi ya Joto Isibadilishwe kwa Waya

Mvua za masika zinapoanza kunyesha Visiwani, nguo hukaa kambani siku mbili tatu bila ya kukauka. Ndiyo maana mashine ya kukaushia nguo, ambayo zamani ilikuwa chombo cha mahoteli na madobi wakubwa, sasa imeanza kuingia majumbani. Mwananchi huifuata Kariakoo, Dar es Salaam, ama mpya, ama iliyokwisha kutumika ng'ambo, akaipakia chomboni na kuivusha hadi Malindi.

Safari hiyo ina gharama yake. Kwa hiyo mashine inapozunguka lakini haitoi joto, mwenye nyumba huona uzito wa kuirudisha alikoinunua, na humwita fundi wa mtaani. Fundi huikuta fyuzi ndogo ya joto imekatika. Asipopata nyingine ya kuibadilisha, hufunga waya mahali pake, na joto hurudi papo hapo. Mwenye nyumba hufurahi, fundi hulipwa. Sisi tunasema kwamba hapo ndipo hatari inapoanza.

Fyuzi ya joto imewekwa iwe mlinzi. Joto linapopita kiwango, hukata njia ya umeme, na ikishakatika haijirudi. Sharti iwekwe mpya ya kiwango kile kile. Kukatika kwake ni dalili tu. Maradhi yako kwingine. Aghalabu ni hewa kutopita, kwa sababu chujio limejaa nyuzi za nguo, au bomba la kutolea hewa ya moto limepindika. Huenda pia thamostati, ambayo kazi yake ni kuwasha na kuzima hita kwa kipimo, imekwama. Anayefunga waya bila ya kutafuta chanzo amemfukuza mlinzi na kumwacha mwizi ndani. Nyuzi zile za nguo ni kuni kavu, na hita isiyo na wa kuizima ni kiberiti.

Utaratibu unaofaa ni huu. Kwanza, ichomekwe pasi katika soketi ile ile ili ijulikane kama umeme upo. Pili, itazamwe fyuzi ya ampia 13 iliyomo ndani ya plagi. Tatu, lisafishwe chujio pamoja na bomba la hewa. Yakishindikana hayo, plagi ichomolewe kabisa, kisha fundi afungue mashine na kupima kwa mita. Hita ya wati 2,500 kwa umeme wa volti 230 huonyesha kiasi cha omu 21. Mita isipoonyesha njia yoyote, hita imekatika. Ikionyesha njia baina ya hita na bodi, umeme unavuja, na mashine hiyo isiguswe na mtu mpaka itengenezwe. Ikumbukwe pia kwamba hita kama hiyo hula karibu ampia 11. Ekstensheni nyembamba yenye jiko na pasi juu yake haiwezi kuubeba mzigo huo.

Ipo hitilafu nyingine ambayo hakuna fundi wa kuiponya kwa mita. Umeme wetu ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani hutaka volti 240 kwa nyaya mbili za moto, na mota zake huendeshwa kwa volti 120 na mizunguko 60. Mashine ya namna hiyo ikiunganishwa ovyo na umeme wetu, mota hupewa karibu mara mbili ya haki yake na huungua. Hata transfoma ya kupunguza volti haiwezi kubadili mizunguko. Kibati kilichoko mgongoni mwa mashine husema yote hayo, nacho kisomwe dukani kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Kariakoo inaijua hasara ya moto. Soko lake kuu, lililofunguliwa mwaka 1975, liliungua Julai 2021, na wafanyabiashara wakapoteza mali zao kwa usiku mmoja. Moto wa nyumba moja Ng'ambo au Chake Chake hautapata sifa ya moto ule, lakini kwa wenye nyumba ni msiba usiopungua.

Kwa hiyo hatumlaumu fundi peke yake. Anayeuza mashine bila ya kuuza vipuri vyake anamsukuma fundi kwenye waya. Shirika la Viwango Tanzania, Taasisi ya Viwango Zanzibar na Tume ya Ushindani zina dhima ya kutazama kinachouzwa na kinachovushwa. Tunaziomba zitake kila mashine iliyotumika ipimwe kabla ya kuuzwa, volti na mizunguko yake viandikwe kwa Kiswahili, na muuzaji awe na fyuzi na thamostati za mashine anayoiuza. Vyuo vya ufundi navyo viwafunze vijana kwamba kazi ya fundi haijaisha mpaka chanzo kijulikane.

Kwa mwenye nyumba neno letu ni fupi. Fundi akisema ameifunga moja kwa moja, asilipwe, na mashine isiwashwe. Fyuzi ya joto ni kitu cha bei ndogo. Nyumba na waliomo ndani yake hawana bei.